Kipande Juu ya Meza

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye makumbusho ya Birmingham huku Uingereza, nilikatazwa kumpa mtu kitu mkononi. Mie mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwamba mkubwa humpi kitu ila kwa mkono wa kulia, na ukiwa na adabu zaidi unaunga na wa kushoto, nikaambiwa na mama mmoja wa Kizungu aitwaye Doreen kwamba hapa hatupokezani. "Unaweka mezani, unaondoa mkono, halafu mwenzako anachukua." Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo sheria mama ya kazi yetu. Vitu vya makumbusho huvunjika pale katikati ya mikono miwili, mmoja akidhani mwenzake keshashika, mwenzake akidhani yule hajaachia.

Nyinyi mnaokuja nyuma yangu mmenisumbua wee niandike habari za miaka ile kabla sijaanza kusahau. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi. Mshahara wa makumbusho mnaujua wenyewe, basi tusitoneshane vidonda. Nitaandika habari za masanduku, za Doreen aliyenifundisha kazi, na za wazee wawili wa Washwood Heath ambao hadi leo nikiwakumbuka huacha ninachofanya nikakaa kidogo.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka vitu vya makumbusho mashuleni na kwenye vituo vya wazee. Tulikuwa na gari moja jeupe lenye mlango mbovu, masanduku ya mbao yaliyowekwa sponji ndani, karatasi laini za kufungia, na glavu. Asubuhi ile ya kwanza tulikwenda shule moja ya Great Barr, mvua ya manyunyu inanyesha ile ya huku isiyojua kuanza wala kuisha. Sanduku lilikuwa la Warumi. Doreen akaniambia nitoe kibakuli cha udongo nikiweke mezani, nikakibeba kama nimekabidhiwa mtoto mchanga. Akaninong'oneza, "Usijali, kimeokoka vita na mafuriko. Kilichobaki ni kuokoka watoto wa miaka kumi na moja."

Doreen alikuwa mzaliwa wa Acocks Green na hakuona sababu ya kuhama. Mwembamba, mkavu wa maneno, anasokota sigara zake mwenyewe na anazivutia nje hata kwenye theluji. Chai yake aliibeba kwenye chupa iliyobonyea, wala hakumpa mtu. Alichukia gundi ya karatasi, alichukia walimu wanaochelewa, na alichukia sana mtu anayeanza kuongea kabla kitu hakijatazamwa. "Kiweke mezani unyamaze," aliniambia. "Waache wakitazame mpaka wachoke kukaa kimya. Swali la kwanza watakalouliza ndilo somo lenyewe." Mie na kunyamaza, Mungu ananijua! Ilinichukua muda mrefu kujifunza, na mume wangu anasema nyumbani sijajifunza bado.

Mikasa haikukosekana. Mtoto mmoja alitia sarafu ya Kirumi mdomoni ili aonje, mwalimu akapiga ukelele uliotaka kumfanya aimeze kweli. Siku nyingine, kwenye makao ya wazee ya Acocks Green, bibi mmoja aliishika pasi ya chuma ya zamani akakataa kuiachia. Nikambembeleza, wapi! Alisema ni ya mama yake, na alisema hivyo kwa uhakika kabisa. Muda wa kuondoka ulipofika nikamtazama Doreen nikitegemea ataleta ukali wake. Akavuta kiti, akakaa na yule bibi, akamuuliza mama yake alipenda kupiga pasi siku gani. Tulichelewa sana siku ile. Pasi ilirudi mezani yenyewe, bibi aliiweka kwa hiari yake baada ya kumaliza kusimulia habari za mama yake. Garini Doreen akasema, "Kitu ni chetu kikiwa sandukuni. Kikiwa mezani ni cha anayekijua." Kisha akawasha gari, na mlango mbovu ukafunguka njiani kama kawaida.

Sasa nije kwenye sanduku la kodi.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili walimu wengi wa historia walikuwa wakituomba sanduku la makoloni ya Amerika. Dola la Kiingereza lilikuwa limepigana vita, vita vikala hazina, likaona wakazi wa makoloni nao wachangie. Likawatoza kwenye karatasi, kwenye chai, na wao wakasema hawatoi senti kwa bunge wasilokuwa na mtu wao ndani yake. Watoto walilipenda sanduku hilo kwa sababu mwisho wake walipewa nafasi ya kupiga kelele na kutupa masanduku matupu ya chai kwenye bahari ya kitambaa, kama wakazi wale walivyoitosa baharini chai yenye kodi. Mie nilikuwa na kazi ya kuokota.

Siku moja tukawa shule ya Washwood Heath, kwa mwalimu mmoja kijana anayeitwa Hodan, Msomali aliyezaliwa Kenya na kukulia nusu Uholanzi. Darasa lake lilikuwa dunia nzima. Tulipomaliza kuokota masanduku ya chai, akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Bi Saumu, hii ya Amerika ni poa. Lakini hawa watoto wananiuliza, na kwetu je? Babu zetu walikuwa hawatozwi?"

Nikacheka mpaka nikakaa. Hawatozwi! Bibi yangu mzaa baba, kule Handeni, mpaka anakufa alikuwa akisikia neno kodi anatazama mlangoni.

Doreen aliposikia akasema, "Basi kateremke ghalani utafute." Nikateremka. Ghala letu lilikuwa chini ya ardhi, baridi tupu, na vitu vya Afrika Mashariki viliwekwa nyuma ya vinyago vilivyoletwa na wajane wa maofisa. Nikapata mkufu wa sarafu zenye tundu katikati, zile za kutungwa kwenye kamba. Na ndani ya sanduku la viatu nikapata kipande.

Kwa mtu asiyekijua nieleze. Kilikuwa kikopo kidogo bapa cha chuma, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Ndani yake mwanamume wa Kiafrika wa Kenya, enzi za utawala wa Waingereza, alitia karatasi za kumtambulisha: jina, alama za vidole, tajiri anayemfanyia kazi, na kama tajiri huyo amemruhusu kuondoka. Bila hicho hakutembea. Wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi. Niliposhika kile cha ghalani, kamba yake ilikuwa imeingia weusi wa jasho la mtu, na sikupenda kukishika kwa muda mrefu.

Hivyo ndivyo nilivyolijenga sanduku la pili, na nilivyolieleza darasani ni hivi. Nilikuwa naweka sarafu mezani, nanyamaza kama nilivyofundishwa, mpaka mtoto aulize kwa nini zina tundu. Ndipo namwambia: fikiria una shamba lako, mbuzi wako, mahindi yako, humdai mtu wala mtu hakudai. Anakuja bwana mwenye bendera anasema nyumba yako hii ina kodi. Unamuuliza, kodi ya nini, nyumba nimejenga mwenyewe. Anasema ya serikali. Unamwambia chukua mbuzi. Anasema mbuzi hataki, anataka hizi zenye tundu. Na hizi zinapatikana wapi? Kwenye shamba la mkonge la Mzungu, kwenye shamba la kahawa, kwenye reli. Watoto walielewa upesi kuliko watu wazima. Serikali ilitaka fedha, ndiyo, reli ilikuwa na gharama na maofisa walikula. Lakini zaidi ilitaka mikono. Mtu asiyehitaji kitu huwezi kumwajiri, kwa hiyo kwanza unamtengenezea haja.

Na watu walifanyaje? Hapo ndipo nilipokuwa nanogesha. Kodi ikiwa ya nyumba, watu walihamia nyumba moja. Bibi yangu alituambia walilala mashemeji na wakwe chini ya paa moja, mambo ya aibu hayo, ili nyumba nyingine zibaki bila wenyewe. Serikali ikashtuka, ikatoza vichwa badala ya nyumba. Wengine walikimbilia porini mkusanyaji alipoonekana, wengine walishika silaha wakafa kwa maelfu, wengine waliandika malalamiko kwa Kiingereza kizuri kuliko cha wanaoandikiwa. Mwisho nilikuwa nawaambia watazame vizuri zile sarafu: nyingi zilipigwa chapa hapa hapa Birmingham. Darasa zima lilikuwa linasema "No way!" na mtoto mmoja lazima aseme bibi yake alifanya kazi kiwanda cha sarafu. Huko nyumbani kwao jioni walikwenda kusimulia, na wazazi waliokuwa wakiilalamikia kodi ya halmashauri ya jiji wakapata cha kujifariji.

Hodan ndiye aliyetoa wazo la wazee. "Baba yangu anajua hizi habari," akasema. "Na rafiki yake pia. Waje waongee."

Baba yake alikuwa Mzee Warsame. Alikulia Isiolo, akawa dereva wa malori, vita vya Somalia vikawatawanya jamaa zake, akapitia Uholanzi kwa mwanawe wa kiume, mwisho akaletwa Birmingham na Hodan. Mjane. Mrefu, ndevu zimepakwa hina, anacheka kwanza halafu ndiyo anasema. Rafiki yake alikuwa Mzee Mwadime, Mtaita wa karibu na Voi, aliyekuja Uingereza zamani na kufanya kazi kiwanda cha magari pale Washwood Heath mpaka mgongo ukakataa. Mfupi, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Walikutana kwenye mgahawa wa Kisomali wakati mmoja wao alipomsikia mwenziwe akimtukana mwamuzi wa mpira kwa Kiswahili. Tangu hapo, kila siku, meza ile ile, chai ya maziwa yenye iliki, wanataniana.

"Huyu Mtaita," Mzee Warsame aliniambia siku ya kwanza nilipowatembelea, "anakunywa chai yangu miaka yote hii, hajawahi kusema asante."

"Nitasema ikiwa tamu," Mzee Mwadime akajibu.

"Na huyu mama wa Tanga, tazama, Kiswahili chake ni cha redio. Tuongee polepole tusimchafue."

Nikamwambia, "Nyie Wakenya mkisema 'hii kitu' mie masikio yananiuma, lakini nitavumilia, ni kazi." Wakacheka wote wawili. Nilitoka pale moyo mweupe, nikijua nimepata watu.

Siku ya darasa wakaja wamevaa makoti mazuri. Nikaweka kipande mezani, nikanyamaza. Doreen alisimama dirishani. Mtoto akauliza ni kitu gani, na Mzee Mwadime akaanza kusema, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, taratibu. Akawaambia baba yake alivaa kitu kama hiki kwenye shamba la mkonge. Akawaambia jinsi yeye mtoto alivyokuwa akijua baba anarudi kwa kukisikia kikigonga kifungo cha shati. Kisha akasema, "Siku moja ikaja habari kwamba mama yake amefariki, kule juu milimani." Akasita hapo. Akatazama kile kipande, akagusa kifungo cha shati lake.

Mzee Warsame aliona mwenziwe amekwama. Namtetea hapa, maana nilikuwepo na niliuona uso wake: alitaka kumsaidia. Akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote mambo yakiwa mazito, akacheka, akaichangamsha meza.

"Lakini sisi!" akawaambia watoto, naye kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Sisi Wasomali tulikuwa wajinga kuliko wote. Mnajua tulifanya nini? Watu wote wanalia kodi ni kubwa, baba yangu na wenzake wanakwenda kwa serikali wanasema, kodi yetu ni ndogo! Tuongezeeni!"

Darasa likaangua kicheko. Naye akanogewa. Akawaeleza kwamba serikali ilikuwa na kodi ya Mwafrika, ya chini, na kodi ya Mhindi, ya juu. Baba yake alitaka kulipa ya Mhindi. Akakataa kabisa kulipa ile ya chini, akafungwa, wakamkamata na ng'ombe wake, akatoka akakataa tena. "Serikali haijawahi kuona watu kama hao! Wanafungwa kwa sababu wanataka kulipa zaidi!" Mtoto mmoja akauliza kwa nini. Na Mzee Warsame, akiwa bado anacheka, akamwekea Mzee Mwadime mkono begani akasema, "Ili tusihesabiwe pamoja na hawa. Tusivalishwe hii kitu."

Mzee Mwadime akasema, "Sawa." Akasimama, akachukua koti lake, akawaaga watoto kwa adabu, akaondoka. Tulimwona dirishani akivuka uwanja kwenda kituo cha basi, na Mzee Warsame bado mkono wake uko pale lilipokuwa bega la mwenziwe.

Basi ikawa hivyo. Wiki zikapita. Mgahawani Mzee Mwadime haonekani. Nilimkuta maktaba ya Acocks Green, amekaa na gazeti, mahali ambapo ukikohoa unatazamwa. Mzee Warsame naye akajifungia ndani. Hodan alinipigia simu, sauti yake si ile ya mwalimu. "Bi Saumu, baba haongei. Anakaa dirishani tu. Wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza, mimi niko kazini siku nzima. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye, ni yule. Nikiwapoteza wote wawili kwa sababu ya somo langu nitajilaumu." Akalia. Mie nami nikalia, maana ni mwepesi wa machozi, na maana nilijua anasema kweli. Mtu wa umri ule akipoteza rafiki ugenini, hapati mwingine.

Nikaenda kwao. Mzee Warsame akanikaribisha, chai ikaja, hakutania hata Kiswahili changu.

"Baba yangu hakuwa na kiburi," akaniambia. "Wewe unadhani alidharau Waafrika? Alikuwa anaogopa. Alikuwa anapeleka mifugo kutoka Isiolo mpaka Nairobi. Ukihesabiwa mwenyeji unafungwa hii kitu shingoni, unaomba ruhusa kwenda, unaomba ruhusa kurudi. Mtu wa mifugo anaishije hivyo? Serikali ndiyo ilipanga ngazi. Juu Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika. Yeye aliona ngazi, akapanda."

"Nakuelewa mzee wangu," nikamwambia. "Lakini nawe umwelewe mwenzio. Wewe baba yako aliikimbia ile kamba. Yeye alizaliwa akaikuta shingoni mwa baba yake."

Akasukuma kikombe pembeni. "Sasa nifanye nini? Nimwombee msamaha marehemu?"

"Sijui. Mie kazi yangu masanduku. Alhamisi tuko tena kwa Hodan, darasa jingine. Ukija utakuta kiti."

Nikatoka hapo nikaenda kwa Mzee Mwadime. Yeye aliniambia kifupi, kama desturi yake. "Ile habari ya kodi ya Wahindi naijua, mama. Kenya nzima iliijua. Sikukasirikia hiyo. Kila mtu alijiokoa kwa njia yake." Akafungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga tena. "Nilikuwa nasema mama yake baba amefariki. Nimefika hapo. Yeye akacheka. Alicheka nikiwa kwenye matanga."

Nikamwambia kuhusu Alhamisi, na kwamba mwenziwe huenda akaja. "Nitafikiri," akasema. Nilipomsimulia Doreen garini, nikamuuliza kama tuliondoe lile sanduku kwenye ratiba, maana limetuletea balaa. Akavuta sigara yake mpaka mwisho. "Umeacha habari katikati," akasema. "Sanduku halirudi ghalani hivyo."

Alhamisi ikafika. Mzee Warsame alikuwa keshafika, amekaa peke yake mbele ya darasa, kofia mapajani, ndevu hazikupakwa hina. Tukasubiri. Watoto wakaanza kujikunakuna. Hodan akanitazama, nami nikaanza kutoa sarafu ili muda uende. Ndipo mlango ukafunguka, Mzee Mwadime akaingia, mabega yamelowa mvua. Akasema habari za asubuhi kwa wote, akakaa kiti cha pili. Hawakusalimiana.

Nikaweka kipande mezani. Nikanyamaza, na safari hii sikuhitaji kufundishwa.

Mtoto mmoja wa kike akauliza ni kitu gani. Mzee Mwadime akanyoosha mkono, akakichukua mezani, akasimama. Akaizunguka meza mpaka mbele ya Mzee Warsame, akakishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Midomo yangu ilikwishafunguka. Miaka yote ile nimesema "weka mezani" mashuleni, mahospitalini, makanisani, misikitini, mpaka nilikuwa nalisema usingizini. Nikahisi kidole cha Doreen kwenye mkono wa sweta langu. Doreen, aliyeitunga sheria au aliyejifanya kaitunga. Alinizuia.

"Shika," Mzee Mwadime akasema, kwa Kiswahili.

Mzee Warsame hakunyoosha mkono. "Baba alinikataza kugusa hii kitu."

"Na mimi baba alinikataza. Kila mmoja kwa sababu yake. Shika, bwana."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakipima. Akakigeuza, akaitazama kamba. "Mbona nyepesi?" akasema, na alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeogopa chumba fulani utoto mzima, akakifungua akakuta ni stoo. "Baba amelala jela kwa sababu ya hii?"

"Mkononi ni nyepesi," Mzee Mwadime akasema. "Baba yangu alipopata habari ya msiba alikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Msimamizi amekwenda Mombasa. Karatasi ya ndani haikutiwa sahihi. Akatoka hivyo hivyo usiku kwa miguu, askari wakamkamata njiani, wakamrudisha. Milima anaiona, mama yake yuko kule anasubiri kuzikwa. Wakamzika bila yeye. Mwana pekee." Akapumua. "Ndiyo niliyokuwa nasema siku ile."

Watoto hawakuelewa maneno, wengi wao, na hakuna aliyewatafsiria. Hodan alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Lakini hakuna aliyesogeza hata kiti.

Mzee Warsame alikaa na kile kipande mapajani, akikitazama, na nikaona midomo yake inacheza ndani ya ndevu. Kisha akainuka, mtu mrefu yule, magoti yakalia. Akaenda mezani. Akakiweka kipande polepole juu ya kitambaa, pale pale nilipokiweka mie, akaondoa mkono. Hakuna aliyemfundisha. Kisha akarudi mpaka mbele ya Mzee Mwadime, akampa mkono wa kulia, ule mkono tunaowapa wafiwa, akaushika wa mwenziwe na hakuuachia.

"Pole," akamwambia. "Pole ya bibi yako, na pole ya baba yako. Nimechelewa."

"Si neno," Mzee Mwadime akasema. "Umefika."